Uvimbe kwenye titi na damu kwenye chuchu: nianzie wapi?

SWALI

Daktari, shikamoo. Nina miaka 34 na watoto wawili. Wa mwisho nilimwachisha ziwa zaidi ya mwaka sasa. Miezi mitatu iliyopita niligusa uvimbe kwenye titi la kushoto, sehemu ya juu karibu na kwapa. Hauumi, ni mgumu kiasi, ukubwa wake kama sentimita mbili. Kituo cha afya waliniambia ni maziwa yaliyoganda, wakanipa antibayotiki. Nimemaliza dozi na uvimbe uko palepale. Sasa naona doa la kahawia kwenye sidiria upande uleule. Kila asubuhi nakamua ili niangalie, na hutoka tone jekundu au la kahawia. Titi la kulia halitoi kitu.

Mama mkwe ananikataza kuchomwa sindano, anasema uvimbe ukichokozwa unasambaa. Mume wangu anataka nikatwe uvimbe wote mara moja tumalize. Shangazi yangu, dada wa baba, aliugua saratani ya titi kabla hajafika miaka 50, lakini nasikia ugonjwa wa upande wa baba hauhesabiki. Niende wapi, niseme nini, na nipimwe nini?

La mwisho: mdogo wangu ana miaka 26 na hajawahi kuzaa, lakini anatokwa na maziwa matiti yote mawili na hedhi yake imepotea. Anahofu kwamba tuna ugonjwa mmoja.

Msomaji asiyetaka jina lake litajwe

JIBU

Marahaba, mama. Barua haiwezi kukuambia kama ni saratani, na vidole vya daktari peke yake navyo haviwezi. Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni hiki: uvimbe mwingi wa titi kwa wanawake wa umri wako si saratani, na hata chuchu ikitoa damu, sababu inayoongoza ni papiloma, yaani kinyama kidogo kisicho saratani kinachoota ndani ya mrija wa maziwa. Hata hivyo, uvimbe usiopungua kwa miezi mitatu pamoja na damu ya titi moja ni dalili mbili ambazo zikikutana haziachwi zikaangaliwa tu, wala haziongezewi dozi nyingine. Zinataka picha na biopsi, yaani kutoa kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano kikapimwe maabara. Anza wiki hii.

Kabla ya yote, acha kukamua. Kukamua kila siku kunauchochea mwili uendelee kutoa majimaji, na pia kunaumaliza mrija kabla ya daktari kuuona. Akikuchunguza anahitaji kuona tone likitoka tundu lipi, maana chuchu ina matundu kadhaa na kila tundu lina mrija wake. Ukifika umejikamua asubuhi, pengine hataona chochote, na utarudishwa nyumbani na daftari lililoandikwa kwamba hakuna majimaji. Weka kipande cha shashi nyeupe ndani ya sidiria. Doa likitokea lenyewe, lipige picha kwa simu, andika tarehe na rangi, kisha uende na picha hiyo.

Katika majimaji ya chuchu, daktari anatazama mambo manne: yanatoka yenyewe au kwa kukamuliwa, titi moja au yote mawili, tundu moja au mengi, na rangi yake. Majimaji ya kijani, ya njano au kama maziwa, yanayotoka matundu mengi ya matiti yote mawili na kwa kukamua tu, mara nyingi ni mabadiliko ya kawaida ya mirija au ya homoni. Yanayotia wasiwasi ni yale yanayotoka yenyewe, titi moja, tundu moja, yakiwa mekundu, ya kahawia au yasiyo na rangi kabisa kama maji. Hayo ya mwisho ndiyo yanayowaponyoka watu wengi: mama akiona maji safi anashukuru kwamba si damu, akakaa. Yasidharauliwe. Wewe uko kwenye kundi la kuchunguzwa hata kama uvimbe usingekuwepo.

Kuhusu antibiotiki ulizopewa: hizo ni dawa za maambukizi. Titi lenye maambukizi huuma, huwa jekundu na la moto, mara nyingi pamoja na homa. Hukutaja hata moja ya hayo. Maziwa yaliyoganda yapo kweli, lakini huonekana zaidi mama akiwa ananyonyesha au muda mfupi baada ya kuachisha. Zaidi ya mwaka baadaye, jibu hilo linahitaji kuthibitishwa kwa ultrasaundi au kwa sindano inayovuta maziwa yenyewe. Wasomaji wengine nao wajue hili: titi likiwa jekundu na limevimba, ngozi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, halafu lisitulie baada ya wiki moja au mbili za dawa, dozi ya pili bila biopsi ni hatari. Ipo saratani ya titi inayokuja kwa sura hiyo ya maambukizi. Vivyo hivyo kwa chuchu inayowasha na kutoka magamba ya upande mmoja yasiyosikia krimu ya ukurutu.

Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji na chumba cha picha. Kama una rufaa ya kutafuta kwanza, usiseme tu kwamba titi linakusumbua. Sema hivi: "Nina uvimbe wa titi la kushoto wa miezi mitatu, haukupungua kwa antibayotiki, na sasa chuchu hiyohiyo inatoa damu yenyewe. Naomba rufaa ya kliniki ya matiti au ya daktari wa upasuaji." Sentensi hiyo ina kila kitu anachohitaji mtu wa kupanga foleni. Vaa nguo ya vipande viwili ili uvue juu tu. Siku hiyo usipake losheni, poda wala dawa ya kuzuia jasho kwenye matiti na kwapa, kwa sababu chembe zake huweza kuonekana kwenye picha ya mamografia (eksirei ya titi) kama vijiwe vidogo vya kalsiamu, na vijiwe hivyo huweza kuwa dalili ya saratani. Beba dawa zote unazotumia, pamoja na za uzazi wa mpango, tarehe ya hedhi yako ya mwisho, na kumbukumbu ya ulipoachisha mtoto. Kama kuna uwezekano wa mimba, sema mapema. Mimba haizuii uchunguzi, ila mpangilio wa vipimo hubadilika.

Uchunguzi wa mikono uwe kamili. Utaketi kifua kikiwa wazi, mikono ikiwa chini, kisha juu ya kichwa, kisha umejishika kiunoni ukibana, ili ionekane kama ngozi au chuchu inavutwa ndani. Halafu utalala na mkono nyuma ya kichwa, naye apapase matiti yote mawili, makwapa na juu ya mtulinga, ule mfupa ulio kati ya shingo na bega. Atabonyeza taratibu kuzunguka sehemu nyeusi ya chuchu kutafuta mahali panapotoa tone. Una haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo chumbani. Aliyekupapasa juu ya nguo akakuandikia vidonge hajakuchunguza, na una haki ya kuomba mwingine.

Kisha picha. Aliye chini ya miaka 30 huanza na ultrasaundi, kwa kuwa titi changa ni zito, yaani lina nyama nyingi kuliko mafuta, na mamografia haioni vizuri ndani yake. Kuanzia miaka 40 mamografia hufanywa pamoja na ultrasaundi. Kati ya hapo inategemea, lakini kwa uvimbe na damu, wewe tegemea kufanyiwa vyote viwili. Mamografia hubana titi kwa sekunde chache, picha mbili kila upande. Inauma kidogo, haidhuru. Ukipata hedhi, wiki ya kwanza baada yake matiti huwa hayaumi sana, lakini usiahirishe kipimo kwa ajili hiyo. Kwenye ultrasaundi mwombe mpimaji aangalie na mirija iliyo nyuma ya chuchu, sio uvimbe tu. Akiletewa karatasi iliyoandikwa "uvimbe wa titi" bila neno kuhusu damu, atapima uvimbe na kukufungulia mlango. Hakikisha damu imeandikwa kwenye fomu.

Ripoti ya picha mara nyingi ina namba ya kipimo kinachoitwa BI-RADS. Namba 1 ni titi lisilo na kasoro, 2 ni kitu kisicho saratani, 3 ni kitu ambacho karibu hakika si saratani (uwezekano wa kuwa saratani hauzidi asilimia 2) na hurudiwa kupigwa picha baada ya miezi sita, 4 inatia shaka, 5 shaka ni kubwa sana. Namba 4 na 5 ni lazima biopsi. Namba 0 maana yake picha haijatosha, inahitajika nyingine. Wapo wanaoisoma sifuri kama habari njema wakaenda zao nyumbani.

Hapa naomba usome polepole. Picha safi haiufuti uvimbe unaoshikika kwa mkono. Takriban saratani 1 kati ya 10 zinazoshikika hazionekani kwenye mamografia, hasa titi likiwa zito. Ndiyo maana uvimbe wa titi haumalizwi kwa kipimo kimoja, bali kwa vitatu: mikono, picha na biopsi. Na lazima vikubaliane. Tuseme picha inatia shaka kubwa, halafu biopsi ikarudi imeandikwa "nyama ya kawaida ya titi". Hilo si jibu la kufurahia. Uwezekano mkubwa sindano ilipita pembeni, kwa hiyo biopsi irudiwe, safari hii ikiongozwa na ultrasaundi. Saratani nyingi zinazochelewa kujulikana hupitia mwanya huu hasa: vipimo vinapingana, na mtu akachagua kuamini kile kinachompendeza. Ukipewa majibu, muulize daktari swali hili moja: "Haya matatu yanakubaliana?"

Sasa sindano anayoikataza mama mkwe. Mheshimu, kwa sababu anachosema amekiona kwa macho yake: mtu alichomwa sindano, na muda si mrefu ugonjwa ukaonekana umeenea. Lakini watu hao walifika hospitali wakiwa wamechelewa, ugonjwa ulikuwa umeshaenea kabla, na sindano ndiyo iliyoufichua. Sindano ya biopsi haiifanyi saratani isambae mwilini. Inayoipa saratani nafasi ya kusambaa ni miezi inayopita bila jibu. Mwambie pia kwamba majani na dawa za kubandika hazifikii uvimbe ulio ndani, ila huunguza ngozi, na ngozi iliyoungua huharibu usomaji wa daktari na kuchelewesha upasuaji.

Inavyofanyika ni hivi. Ngozi hutiwa ganzi, hukatwa tundu dogo, kisha sindano nene yenye uwazi ndani, mara nyingi ya geji 14, huingizwa kwenye uvimbe ikiongozwa na ultrasaundi. Utasikia mlio mkali wa mtego wa sindano kila inapokata. Ujiandae nao usishtuke ukasogea. Huchukuliwa vipande kadhaa vyembamba. Baadaye hubanwa kwa nguvu dakika kama kumi ili damu isikusanyike ndani, na utabaki na alama ya bluu kwa siku kadhaa. Ukitumia dawa za kuyeyusha damu au aspirini, sema kabla. Ipo pia sindano nyembamba inayovuta seli tu. Inafaa kwa kifuko cha maji: yakivutwa yote, yakawa hayana damu na uvimbe ukapotea, mambo yameisha. Kwa uvimbe mgumu kama wako omba ile nene, kwa sababu seli peke yake hazimwonyeshi mtaalamu kama saratani imevuka ukuta wa mrija, na mara nyingi hazitoshi kupima vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni, ambazo husaidia kuchagua dawa. Kupima tone la chuchu kwa hadubini nako hakutoshi: wakikosa seli za saratani kwenye tone, haimaanishi hazipo kwenye mrija.

Jambo linaloharibika kimyakimya ni kile kipande chenyewe. Kinatakiwa kiingie mara moja kwenye fomalini (dawa ya kukihifadhi) ya asilimia 10, ujazo wake ukiwa angalau mara kumi ya kipande. Kikikaa nje muda mrefu, kikawekwa kwenye maji au kwenye spiriti, kinaharibika, na vipimo vya vipokezi huja na majibu ya uongo. Kama ni wewe utakayekipeleka maabara, angalia kopo lina dawa, limefungwa vizuri, na limeandikwa jina lako, tarehe na upande wa titi. Kipeleke siku hiyohiyo. Uliza majibu yatatoka lini, andika namba ya sampuli, na siku ikipita bila kupigiwa simu ulizia mwenyewe. Ukimya usiuhesabu kuwa ni majibu mazuri.

Shauri la mume wako la kukata kwanza linatokana na kukupenda, lakini linageuza utaratibu. Kama uvimbe ni faibroadenoma, uvimbe usio saratani ambao katika umri mdogo ndio unaoongoza, laini pembeni na unateleza chini ya vidole, na biopsi ikathibitisha, huenda usihitaji kisu kabisa. Hukatwa ukikua kwa kasi, ukizidi sentimita tatu au ukikusumbua. Kama ni saratani, upasuaji wa kubahatisha huacha mabaki pembeni, ukarudishwa mezani mara ya pili. Tena baadhi ya saratani hutibiwa kwa dawa kwanza ili uvimbe unywee, na daktari auone unavyopungua; ukishaukata, nafasi hiyo imepotea. Njoo naye siku ya majibu. Akisikia mwenyewe kwa daktari itakuwa rahisi kuliko wewe kumfikishia.

Ikionekana ni papiloma, mara nyingi mrija ule mmoja huondolewa kwa kukata ukingoni mwa sehemu nyeusi ya chuchu, na mrija wote hupelekwa maabara. Sema mapema kama bado unataka watoto. Kuondoa mrija mmoja kwa kawaida huacha uwezo wa kunyonyesha, lakini upasuaji wa kuondoa mirija yote nyuma ya chuchu unauzima kwenye titi hilo. Ikiwa saratani, kabla ya kukubali mpango wowote uliza majibu ya vipokezi vya estrojeni na projesteroni (homoni za kike) na cha HER2 (protini inayoweza kuikuza saratani). Hayo ndiyo yanayochagua dawa, na matibabu yakipangwa bila hayo yanapangwa gizani.

Ugonjwa wa upande wa baba unahesabika sawasawa na wa mama. Hitilafu kwenye jeni za BRCA1 na BRCA2, ambayo huongeza hatari ya saratani ya titi, hurithiwa kutoka kwa mzazi yeyote aliye nayo, na kila mtoto wake ana nafasi ya asilimia 50 ya kuipata. Wanaume wengi huibeba bila wao kuugua, ndiyo maana watu husahau upande wao. Andika shangazi alikuwa na umri gani alipogundulika, na uulize kama katika ukoo wa baba kuna aliyeugua saratani ya ovari, ya kongosho, ya tezi dume, au mwanamume aliyeugua ya titi. Hata hivyo, wanawake wengi wanaopata saratani ya titi hawana ndugu aliyeugua, kwa hiyo asiye na historia asijione amepona kabla ya kupimwa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa saratani ya titi, na moja ya malengo yake ni mgonjwa apate jibu la uchunguzi ndani ya siku 60 tangu alipofika kituoni. Wewe huenda umeshazipita. Hilo halimaanishi umechelewa. Lina maana kwamba huna siku nyingine za kumpa mtu anayekuambia usubiri.

Mdogo wako ana jambo tofauti. Maziwa ya matiti yote mawili kwa asiyenyonyesha, pamoja na hedhi kupotea, huelekeza kwenye homoni ya kutengeneza maziwa iitwayo prolaktini, na hayaelekezi kwenye saratani ya titi. Kwanza apime mimba, hata kama ana uhakika. Kisha apime prolaktini na homoni ya tezi ya shingoni, kwa kuwa tezi ikizembea prolaktini hupanda. Damu ichukuliwe asubuhi akiwa ametulia, asiwe amekamua matiti, maana mshtuko na kukamua hupandisha kipimo. Kikipanda kidogo tu hurudiwa. Aeleze dawa zote anazotumia: metoklopramidi na domperidoni za kuzuia kutapika, haloperidoli na risperidoni za magonjwa ya akili, na methildopa ya presha, zote zinaweza kuleta maziwa. Asiache dawa ya akili kwa uamuzi wake. Aliyemwandikia ndiye aibadilishe. Kipimo kikiwa juu sana bila sababu hiyo, hupigwa picha ya kichwa kutafuta uvimbe mdogo wa tezi iliyo chini ya ubongo. Uvimbe huo kwa kawaida si saratani, na mara nyingi hunywea kwa vidonge vya kabergolini vinavyomezwa mara moja au mbili kwa wiki, bila upasuaji. Lakini akianza kuumwa kichwa mfululizo, au akawa anagonga vitu vya pembeni kwa sababu haoni kandokando, asingoje miadi. Aende hospitali siku hiyohiyo na aseme yote mawili, macho na maziwa, kwa sababu anayesikia la macho peke yake atamwandikia miwani.